Utando Unaoamua Umri wa Betri

Ukichemsha kunde kwa magadi ndani ya sufuria mpya ya alumini, sehemu iliyozama hugeuka rangi ya moshi, na mahali mchuzi ulipoishia panabaki mstari. Wapishi wanaijua alama hiyo, wanaisugua, maisha yanaendelea. Lakini kilichotokea humo si uchafu. Alumini ni metali inayoachia elektroni zake kwa wepesi mno, na kama ingebaki mtupu ingeliwa hata na maji ya bomba. Kinachoikinga ni oksaidi yake yenyewe, utando wa nanomita 2 hadi 4 unaojijenga mara metali inapokutana na hewa, na unaojiziba ukikwaruzwa. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele mmoja una unene wa nanomita 50,000 au zaidi. Utando huo huvumilia maji ya pH kuanzia 4 hivi mpaka 8.5 hivi. Magadi huyapandisha maji kupita 9. Hapo utando unayeyuka, na alumini inakaa bila kinga kwa muda wote jiko linapowaka.

Mbelgiji Marcel Pourbaix ndiye aliyeyaweka mambo haya katika ramani: mhimili mmoja ni pH, mwingine ni volti, na kati yake kuna maeneo matatu, yaani pale metali inapokuwa salama kwa asili yake, pale inapoliwa, na pale inapojifunika. Katika ramani ya alumini, eneo la usalama wa asili liko chini kabisa, mbali na maisha ya watu. Sufuria, fremu za madirisha na mabodi ya ndege vyote vinaishi katika eneo la kujifunika.

Nadai kwamba sehemu kubwa ya kemia ya umeme ya leo, ile ya betri, vihisio na seli za jua, inaishi katika eneo hilo hilo. Kifaa kinadumu kwa sababu kuna utando mwembamba uliosimama kati ya vitu visivyopatana. Na teknolojia ya nano, inayosifiwa kwa kuongeza eneo la uso, huongeza papo hapo mzigo wa utando huo. Anayehesabu faida ya kwanza bila gharama ya pili anajidanganya, na matangazo mengi ya "betri ya nano" yamejengwa juu ya hesabu ya namna hiyo.

Fumbo la utando huu ni la zamani. Mwaka 1836 Christian Schönbein wa Basel alimwandikia Michael Faraday kuhusu chuma kilichokuwa na tabia ya ajabu: asidi ya naitriki nyepesi inakila kwa fujo, lakini kikitumbukizwa katika asidi kali ya aina hiyo hiyo kinatulia, hata kikirudishwa kwenye ile nyepesi hakiguswi. Faraday akasema uso wake umeshika oksaidi, au umo katika hali inayofanana na hiyo. Wengine walibisha, na ubishi ukaendelea kwa miongo mingi kwa sababu moja tu: hakuna aliyeweza kuuona utando wenyewe. Mwaka 1927 Ulick Evans wa Cambridge alifanikiwa kuutenga kutoka kwenye chuma chake, na hapo ubishi ukapungua makali. Chuma kisichoshika kutu kinafanya kazi kwa kanuni hiyo. Kinahitaji kromi asilimia 10.5 au zaidi ili kijifunike kwa utando wa nanomita 1 hadi 3, na chumvi ya bahari ndiyo adui wake, kwa maana ioni za kloridi huutoboa utando huo kwa vishimo vidogo. Anayeishi Mombasa au Tanga hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuingie ndani ya simu. Upande mmoja wa betri ya lithiamu kuna kinywe, madini ambayo wengine huyaita grafiti. Upande wa pili kuna oksaidi yenye kobalti, au fosfeti ya chuma. Katikati kuna kimiminika kinachopitisha ioni. Ukichaji, ioni za lithiamu hutoka upande wa kobalti, huvuka kimiminika na kujipenyeza kati ya tabaka za kaboni za kinywe. Ukitumia simu, zinarudi. Shida ni kwamba kinywe kilichojaa lithiamu kinasukuma elektroni kwa nguvu kubwa kiasi kwamba vimiminika vinavyotumika humo haviwezi kukigusa bila kuvunjika. Kwa hesabu kavu ya kemia, betri hii isingemaliza wiki.

Mwaka 1980, huko Grenoble, Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes nchini Morocco, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingizwa ndani ya kinywe na kutolewa kwa njia ya umeme. Alitumia elektroliti yabisi ya polima, kwa kuwa vimiminika vya wakati huo vilikuwa vinakichambua kinywe tabaka kwa tabaka. Mkosaji mkuu alikuwa propilini kabonati. Betri ya kwanza ya Sony, iliyoingia sokoni mwaka 1991, ilikwepa tatizo hilo kwa kutumia kaboni isiyo na mpangilio mzuri badala ya kinywe. Ufumbuzi ulikuwa umechapishwa mwaka mmoja kabla, na Rosamaría Fong, Ulrich von Sacken na Jeff Dahn nchini Kanada: weka ethilini kabonati, na kinywe kitatulia. Molekuli hizo mbili zinatofautiana kwa kikundi kimoja tu cha kaboni na haidrojeni, lakini moja inachana, nyingine inaponya. Ethilini kabonati ilikuwa haipewi uzito kwa sababu huganda ikiwa chini ya nyuzi 36 hivi, ikabidi ichanganywe na vimiminika vyepesi. Nitaongeza jambo ambalo halisemwi mara nyingi: Tuzo ya Nobeli ya 2019, kwa kazi ya betri hizi, ilikwenda kwa Goodenough, Whittingham na Yoshino, na jina la Yazami halikuwamo, ingawa Tuzo ya Draper ya 2014 ilikuwa imemjumuisha.

Ethilini kabonati haiponyi kwa kutovunjika. Inavunjika vizuri. Tazama kinachotokea betri inapochajiwa kwa mara ya kwanza kabisa, ikiwa bado kiwandani. Volti ya kinywe, ikipimwa dhidi ya lithiamu, inashuka kutoka kama 3. Inapofika karibu na 0.8, molekuli za kimiminika zilizo jirani na uso zinaanza kupokea elektroni na kukatika. Gesi ya ethilini inatoka. Mabaki yanashikana na ioni za lithiamu na kutua juu ya kinywe: lithiamu kabonati, lithiamu floridi, na mchanganyiko wa chumvi za kikaboni, zile ngumu zikiwa chini na laini zikiwa juu. Utando ukifika unene wa makumi machache ya nanomita, elektroni haziwezi tena kupita kwenda kwenye kimiminika, na uharibifu unasimama karibu kabisa. Ioni za lithiamu, zilizo ndogo, zinaendelea kupita. Emanuel Peled alikuwa ameshaueleza utando wa namna hii mwaka 1979, kwa lithiamu tupu, na kuupa jina ambalo wataalamu wanalitumia hadi leo.

Gharama yake si ndogo. Karibu asilimia 10 ya lithiamu yote iliyotiwa ndani ya betri hukwama katika utando huo siku ya kwanza na hairudi tena. Lithiamu hiyo ilikuja pamoja na kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inachimbwa Kongo, katika ukanda wa Kolwezi na Lubumbashi. Hivyo sehemu ya kile kilichochimbwa inabeba lithiamu isiyotumika hata mara moja. Kiwandani kazi hii ya kuulea utando hufanywa polepole, kwa siku kadhaa, betri zikiwa zimepangwa kwenye rafu za mashine za kuchaji, na ni miongoni mwa hatua ghali zaidi za uzalishaji. Ukiharakishwa, utando hutoka na mashimo. Viwanda huongeza asilimia 1 au 2 ya kiambato kama vinilini kabonati, ambacho huvunjika kabla ya vingine na kuweka msingi mzuri, na michanganyiko hiyo hufichwa kama siri za jikoni.

Baada ya hapo utando unaendelea kunenepa, ila kwa mwendo unaopungua, kwa sababu kadiri unavyokuwa mnene ndivyo unavyojizuia wenyewe. Unene hufuata kipeuo cha pili cha muda: kiasi kilichopotea mwaka wa kwanza hurudufika ukifika mwaka wa nne, si wa pili. Hiyo ni habari njema, lakini ina masharti mawili. La kwanza ni joto. Mimenyuko mingi ya kemia huongezeka kasi karibu maradufu kwa kila nyuzi 10, na utando huu haukwepi kanuni hiyo. Simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari mchana, Dodoma au Garissa, inazeeka kwa mwendo ambao mtengenezaji hakuupima. La pili ni kutopasuka. Kinywe kinapojaa lithiamu hutanuka kama asilimia 10, kisha hunywea. Utando unavumilia, lakini hupata nyufa ndogo, na kila ufa huzibwa kwa lithiamu nyingine.

Hesabu ya mwisho wake ni rahisi na ya kutisha. Betri inayopoteza sehemu moja katika elfu ya lithiamu yake kwa kila mzunguko itabaki na asilimia 37 baada ya mizunguko 1,000. Ikipoteza sehemu moja katika elfu kumi, itabaki na asilimia 90. Kwa dereva wa bodaboda ya umeme anayetumia chaji moja kila siku, mizunguko 1,000 haifiki miaka mitatu. Tofauti ya betri hizo mbili haionekani kwa macho wala kwa uzani wake. Iko katika ubora wa utando.

Nano inaingia hapa kwa hoja yenye nguvu. Muda wa ioni kusafiri ndani ya chembe hufuata mraba wa umbali. Punguza chembe kutoka maikromita 10 hadi nanomita 100, umbali umepungua mara 100 na muda mara 10,000. Mfano ulio bora ni fosfeti ya chuma na lithiamu, iliyotangazwa mwaka 1997 na kundi la John Goodenough huko Texas. Ni madini ya bei nafuu, hayana kobalti, hayashiki moto kirahisi, lakini yanapitisha umeme vibaya sana. Yalipofanywa chembe ndogo sana na kila chembe ikavikwa kaboni ya nanomita chache, yakageuka kuwa betri ambayo leo iko katika mifumo mingi ya sola ya majumbani na katika magari.

Kwa nini nano ilifaulu pale bila kudai fidia? Kwa sababu fosfeti hiyo inafanya kazi kwenye volti 3.4 hivi, mahali ambapo kimiminika hakichokozwi. Uso ukiongezeka mara 100, hakuna utando mkubwa wa kulipia. Ndivyo ilivyo pia kwa titanati ya lithiamu, inayofanya kazi kwenye volti 1.55, juu ya ile 0.8 ambako kimiminika huvunjika. Chembe zake za nano huchajiwa kwa dakika chache na kudumu maelfu ya mizunguko. Kanuni ninayoiona, na ambayo waandishi wengi wa habari za sayansi huiruka, ni hii: ndani ya mipaka ya uvumilivu wa kimiminika, nano ni zawadi, nje ya mipaka hiyo, kila mita ya mraba ya ziada inalipiwa kwa lithiamu.

Silikoni iko nje kabisa. Gramu moja ya kinywe inabeba chaji ya miliampia-saa 372 kwa nadharia, na silikoni inakaribia 3,600. Ndiyo maana imepiganiwa kwa zaidi ya miaka 20. Lakini ikijaa lithiamu hutanuka karibu mara nne ya ujazo wake, ikanywea, ikapasuka. Mwaka 2008 Candace Chan, Yi Cui na wenzao wa Stanford walionyesha kwamba nyuzi za silikoni za nanomita hutanuka bila kuvunjika. Baadaye ikathibitika kwamba chembe zilizo chini ya nanomita 150 hivi hazipasuki. Magazeti yakashangilia. Lakini kilichookolewa ni silikoni, si utando. Ngozi ya nje ilikuwa inapasuka na kujengwa upya kila chembe inapovimba na kunywea, juu ya eneo la uso kubwa mno, hadi lithiamu inaisha.

Kundi hilo hilo lilielewa. Mwaka 2012 walitengeneza mirija ya silikoni iliyovikwa ganda gumu la oksaidi kwa nje, ili ivimbe kuelekea ndani na kuuacha utando wa nje umetulia. Ikapita mizunguko 6,000. Mwaka 2014 wakaja na kitu walichokifananisha na komamanga: punje nyingi za silikoni, kila moja ina nafasi ya kuvimba, zote zimefungwa ndani ya donge moja la ukubwa wa maikromita lenye ganda la kaboni. Utando unajengwa juu ya ganda la nje tu. Baada ya mizunguko 1,000 kifaa kilibaki na asilimia 97 ya uwezo wake. Tafakari hilo: ushindi mkubwa wa nano katika silikoni ulipatikana kwa kuificha nano na kuurudisha uso wa nje kwenye ukubwa wa kawaida. Katika betri nyingi za sokoni bado silikoni hutiwa kwa kiasi kidogo, ikichanganywa na kinywe.

Kuna sehemu ambako uso mwingi ndio biashara yenyewe. Hermann von Helmholtz alieleza mwaka 1853 kwamba chaji hujipanga kwenye mpaka wa metali na kimiminika katika tabaka mbili zinazotazamana. Umbali kati yake hauzidi nanomita moja hivi, hivyo sentimita moja ya mraba hubeba maikrofaradi 10 au zaidi. Chukua gramu moja ya kaboni iliyotobolewatobolewa, yenye mita za mraba 1,000, na kwa hesabu hiyo unapata faradi 100. Hakuna mmenyuko, hakuna utando wa kulea, na mizunguko inahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Nishati inayohifadhiwa na kapasita ya namna hii, hata hivyo, ni ndogo kuliko ya betri kwa mbali. Seli za jua za Michael Grätzel na Brian O'Regan za mwaka 1991 nazo zilitegemea utando wa titani oksaidi wa maikromita 10 uliojaa chembe za nanomita, ili rangi inayonasa mwanga ipate pa kukaa.

Na utando si lazima ujilee wenyewe. Alumini ikiwekwa ndani ya asidi ya oksaliki na kupewa volti 40, inaota oksaidi yenye vitundu vilivyopangika kwa pembe sita, umbali wa nanomita 100 kutoka kimoja hadi kingine. Volti ndiyo inayoamua umbali. Hideki Masuda na Kenji Fukuda walionyesha mwaka 1995 jinsi ya kuvipanga vitundu hivyo vikawa nadhifu kabisa. Kwa upande mwingine Mfini Tuomo Suntola, kuanzia mwaka 1974, alibuni njia ya kujenga utando tabaka moja la atomi kwa wakati, kama sehemu ya kumi ya nanomita kwa kila mpigo. Leo njia hiyo hutumika kuvika chembe za betri ngozi ya alumini oksaidi kabla hazijaguswa na kimiminika. Ni ghali, lakini mantiki yake naikubali: ni afadhali kuuchagua utando kuliko kuusubiri.

Kuupima nako kumebadilika tangu enzi za Evans. Kioo cha kwatzi kinachotetemeka mara milioni 5 kwa sekunde hupunguza mwendo wake kwa hezi moja kikibebeshwa nanogramu 17.7 kwa sentimita ya mraba. Fomula ni ya Mjerumani Günter Sauerbrey, mwaka 1959. Tabaka moja tu la atomi za shaba ni kama hezi 10, kitu kinachosomeka kwenye mashine bila taabu. Utando wa betri ulikuwa mgumu zaidi kuchunguzwa kwa sababu miali ya hadubini ya elektroni huuchoma. Mwaka 2017 ndipo sampuli zilipogandishwa kwa baridi kali, kwa mbinu iliyoazimwa kutoka kwa wanabiolojia, na atomi zikaonekana zilipo.

Hapa suala linatugusa moja kwa moja. Tanzania ina kinywe kingi, Ruangwa mkoani Lindi na Mahenge mkoani Morogoro. Lakini kinywe kinachotoka ardhini ni magamba, na magamba hayaingii kwenye betri hivyo hivyo. Husagwa na kuviringishwa yawe punje za maikromita 10 hadi 20, ili uso upungue na kingo zinazochokoza kimiminika zifichwe. Husafishwa mpaka asilimia 99.95. Mwisho huvikwa kaboni nyembamba kutoka kwenye lami, ili utando wa kwanza uote vizuri na kula lithiamu kidogo. Bei huongezeka mara kadhaa kati ya gamba na punje iliyovikwa, na Uchina ndiyo inayoongoza kwa mbali katika kazi hiyo. Mjadala wetu wa "kuongeza thamani" hutaja kusafisha tu. Usafi unaweza kununuliwa kwa asidi na tanuri. Kinachouzwa kwa bei kubwa ni uhakika kwamba utando utakaoota juu ya punje hizo utafanana leo na kesho, na uhakika huo hupatikana kwa maabara zenye mashine za kuchaji maelfu ya betri kwa miezi mfululizo, si kwa mgodi peke yake. Serikali inayojadili leseni ya kinywe bila kujadili maabara hiyo inauza magamba.

Na wewe unayetaka kununua betri, iwe ya sola au ya pikipiki, usiulize kama ina nano. Uliza itabaki na asilimia ngapi baada ya mizunguko 1,000, kisha uliza walipima kwa joto gani. Karatasi nyingi za watengenezaji huandika nyuzi 25. Dai takwimu za nyuzi 35 au 40, na kama muuzaji hana, punguza bei unayokubali kulipa.